Sanduku Nililolipeleka Ukweni

Jambo hili nimelisimulia mara nyingi, ila sijawahi kulisimulia lote. Kila nikifika katikati naruka, nasema basi mambo yakaisha, nampasia mwenzangu kata ya pombe. Leo naandika, na kwenye kuandika hakuna wa kumpasia.

Ilikuwa miaka ile soko la pamba lilipofunguliwa. Wakati huo Simiyu kama mkoa haijazaliwa, sisi wa Bariadi tulihesabiwa Shinyanga. Kabla ya hapo pamba yote ilikuwa ya ushirika, ukiipeleka unasubiri malipo mpaka unasahau ulipeleka nini. Halafu tukaambiwa soko huria, auzaye ajichagulie. Wakaja wanunuzi binafsi na malori yao, mizani mipya, fulana za bure. Mimi ninayo moja mpaka kesho, imebaki kola tu.

Mnunuzi wetu hakuwa mgeni. Alikuwa diwani, tukimwita Mheshimiwa, na alikuwa anautaka ubunge. Alifungua kituo cha kununulia pamba pale Dutwa na akaniajiri mimi kuwa mpimaji. Shule nimeishia darasa la tatu, lakini tarakimu zangu zilikuwa nzuri, kubwa, hazilali. Mwalimu wangu alikuwa akinichapa kwa mengine yote, kwenye hesabu ananiacha. Basi Mheshimiwa akaziona tarakimu zangu akasema huyu ndiye ninayemtaka.

Sasa sikiliza palipooza. Kila kilo aliyouza mkulima ilikatwa hela kidogo ya dawa ya msimu unaofuata. Serikali iliruhusu hivyo. Hela ikusanywe, dawa inunuliwe, mkulima aikute. Msimu ukaja, chupa zikaja chache, na dawa yenyewe nyepesi kama maji ya kuoshea vyombo. Funza walikula vitumba shamba zima huku mtu amesimama na bomba mgongoni anapulizia. Na mjini Bariadi nyumba ya wageni ya Mheshimiwa ikapanda ghorofa.

Mimi nilijua. Hapa ndipo nilipokuwa naruka. Kulikuwa na leja mbili, moja ya kuwaonyesha wakaguzi na moja ya kweli. Ile ya kweli niliiandika mimi, tarakimu zangu zile zisizolala. Niliona hela ya dawa inakwenda wapi: saruji, nondo, mabati, kanga za kampeni. Nikiandika najiambia mimi kazi yangu ni mkono tu. Jioni napanda baiskeli narudi nyumbani nakula vizuri.

Watu wakalalamika mpaka ikafika kwa wakubwa. Wakaja wapelelezi, na pamoja nao wakili wa serikali kutoka Mwanza, mama mmoja mfupi mwenye miwani, asiyepandisha sauti. Walitaka vitabu vya fedha vya Mheshimiwa. Akawapa leja ya kuonyesha. Yule mama akaipekua, akaambiwa na Mheshimiwa kwamba hiyo ndiyo yote, akasema ahsante, ila hakuondoka mjini.

Kesho yake asubuhi Mheshimiwa akaja kwangu na gari, akashusha sanduku la bati lenye kufuli. Ndani ni leja ya kweli, stakabadhi na vishina vya hundi. Akasema wataanza kupekua nyumba za wafanyakazi wake, nilitafutie mahali. Nikamwambia atulie. Na mahali nikapajua papo hapo, wala sikuhangaika, na hilo linaniuma kuliko mengine.

Ngoja nieleze kwa asiyezijua desturi zetu za Kisukuma za wakati ule. Mkwe wa kiume na mama mkwe wake hawazoeani. Mkikutana njiani mmoja anaacha njia. Hamli pamoja, hamshikani mikono, humwangalii usoni, yeye hatamki jina lako na wewe hutamki lake. Chumba anacholala, hata nyumba ikiungua, huingii, unaita watu. Siyo uadui. Ndiyo heshima yenyewe ilivyo, na mama mkwe wangu alikuwa mtu wa kuishika hasa. Mjane, anaishi upande wa Zagayu, mji wake, nyumba na uwanja, umezungushiwa ua wa minyaa, na miaka yote tangu nilipomwoa binti yake nilikuwa naujua mgongo wake tu.

Nikafikiri hivi: nani atamshuku mkwe kuficha kitu mahali asipoweza kukanyaga?

Nikalifunga sanduku kwenye keria ya baiskeli, mke wangu akafuata kwa miguu na kikapu cha michembe, vile viazi vitamu vya kukausha, tusionekane tunakwenda mikono mitupu. Mke nilimwambia ni nguo zangu na karatasi za kazi, panya wamezidi kwetu. Nilipofika kwenye minyaa nikasimama. Mke akajitwika sanduku, akaingia nalo kwa mama yake. Nilisikia sauti ya yule bibi, mama mkwe, ndani ikiuliza, ya mke wangu ikijibu, kisha kicheko. Aliporudi akasema mama amelipokea, amelisukuma chini ya kitanda chake, amesema mali ya mkwe haitaguswa na mtu. Nikafurahi.

Wapelelezi wakaja kwangu bila yule mama wakili, wakapekua mpaka ndani ya kihenge cha mtama, hawakukuta kitu. Nikawaapia. Lakini njia ya Zagayu ina watu, na watu walikuwa na hasira ya dawa. Mmoja alikuwa ameliona sanduku kwa mbali likipita kwenye baiskeli, mwendeshaji hakumtambua, akasema lilikoingia.

Siku mbili baadaye mke wangu akaja mbio kituoni, mimi niko kwenye mizani. Hakunisalimu. "Mama wamempakia kwenye gari pamoja na sanduku, wamekwenda naye Bariadi," akasema. "Baba watoto, zile zilikuwa nguo gani?"

Nikachukua baiskeli.

Mtu mwingine angekwenda moja kwa moja polisi. Mimi nilipitia kwanza kwa Mheshimiwa, kwenye ile ghorofa. Nikamkuta anakunywa chai. Hakushtuka. Akasema sanduku si lake, hajawahi kuliona, na leja isiyo na mtu wa kusema ni ya nani ni karatasi tu, wataitumia kuwashia moto. Nikamuuliza na bibi? Akasema, "Bibi kizee nani atamfunga? Watamuuliza wachoke. Wewe funga mdomo, msimu ujao nakupa kituo chako mwenyewe." Akaagiza niletewe soda. Nikainywa yote. Nakumbuka ilikuwa ya baridi, wakati ule friji zilikuwa chache, nikawaza jinsi ilivyo nzuri.

Polisi nilikaa nje, kwenye kivuli cha ukuta, chini ya dirisha. Ndani nilimsikia askari akimuuliza bibi kwa Kisukuma, halafu akimtafsiria mama wakili. Sanduku la nani? Nani alilileta? Bibi akasema liliingia mlangoni kama vitu vyote. Askari wengine wakacheka. Akaulizwa tena, akasema aliyelileta hawezi kumtaja. Unamwogopa? Akasema hapana, namheshimu.

Askari akamtisha. Akamwambia kuficha ushahidi ni jela, huko hakuna michembe, na mifupa yake haitarudi Zagayu. Bibi akaomba maji tu. Wakampa.

Nilikaa pale tangu jua liko kati mpaka vivuli vimevuka barabara. Sikufungwa kamba. Mlango ulikuwa wazi, hatua kama kumi. Mara tatu nilinyanyuka, mara zote tatu nikaikagua tairi ya baiskeli, nikakaa. Nilimsikia askari akisema basi, aandikwe, alale mahabusu, kesho afikishwe mahakamani. Hapo pia sikwenda. Ningependa kuandika kwamba nilikwenda.

Mama wakili ndiye aliyetoka. Akaniona, akanisalimu vizuri, akauliza baba nina shida gani. Nikasema nimekuja kumwona yule bibi. Wewe ni nani wake? Nikasema jirani.

"Vizuri," akasema. "Ingia basi, jirani, umshauri. Mimi sipendi kumlaza ndani."

Nikaingia nyuma yake. Bibi alikuwa kwenye benchi, miguu haifiki chini vizuri, kikombe mkononi. Aliponiona tu akaweka kikombe, akajifunika kanga kichwa chote, akateremka kwenye benchi, akachutama sakafuni na kugeukia ukuta. Pale pale polisi, mbele ya askari, mtu anayetaka kupelekwa mahabusu kwa ajili yangu, akanipa heshima yangu.

Yule askari Msukuma akaangalia chini, ile sauti yake ya kutisha ikaisha. Mama wakili akamuuliza mbona bibi amefanya hivyo. Askari akasema taratibu, "Huyu siyo jirani, mama wakili. Hivyo mama mkwe hujifunika akiingia mume wa binti yake."

Mama wakili akanigeukia. Akavua miwani akaifuta na ncha ya kitambaa. Ningekuwa mtu mwenye haya ningetamani anipige.

"Leja ni mkono wangu," nikasema. "Zote za ndani mimi nimeandika. Sanduku nimepewa na Mheshimiwa. Bibi hajui lolote, mwacheni aende."

Na bibi, kutoka pale ukutani, bila kugeuka, akamwambia askari kwa Kisukuma: "Mwambieni akae, amesimama muda mrefu." Nadhani aliniona dirishani. Nadhani alijua tangu mchana kwamba niko pale.

Walimrudisha Zagayu kwa gari la polisi. Mimi nilibaki kuandika maelezo mpaka siku ya pili. Wakanijaribu, niandike tarakimu moja hadi tisa, wakalinganisha. Kesi ilikwenda taratibu, tarehe juu ya tarehe, mara faili liko Shinyanga, mara hakimu amehamishwa. Mwishowe Mheshimiwa alikutwa na hatia kwa baadhi ya mashtaka, udiwani ukamtoka, ubunge ukawa ndoto. Hela ya dawa haikurudi kwa mkulima hata mmoja. Mimi kwa kuwa nilitoa ushahidi waliniacha.

Kilichofuata ni kibaya kuliko jela. Watu walinisifu. Nikipita Dutwa wananinunulia chai, wananiita shahidi, mtu aliyesimama na wanyonge. Ndiyo maana nilikuwa naruka katikati. Nikinywa chai yao nalisikia lile dirisha.

Nilimtuma mke wangu apeleke kwa mama yake beberu, na neno la kuomba radhi. Beberu alipokelewa. Neno lilirudi. Bibi alisema mkwe haombi radhi kwake, hakuna jambo kama hilo, na akauliza kama mvua imenyesha kwetu. Hapo ndipo niliposhindwa. Kwa mtu mwingine ningepiga magoti, nimshike miguu. Kwake siwezi kusogea, na yeye hawezi kunisikiliza. Mke wangu alinisamehe baada ya mwaka hivi, kwa kusahau zaidi kuliko kusamehe. Lakini bibi alishikilia kwamba mimi ni mkwe mwema, akanisema vizuri kwa majirani.

Nilikutana naye mara ya mwisho kipindi cha palizi, kwenye njia nyembamba ya kwenda Zagayu. Alikuwa amejitwika mzigo wa kuni, amezeeka kweli, anatembelea fimbo. Nilimwona kabla hajaniona. Wajibu wa kuacha njia ulikuwa wangu pia, kijana na mwenye mikono mitupu. Nilikuwa bado nafikiri nimwambie nini aliponitambua. Akaingia kwenye shamba la watu na mzigo wake kichwani, akanipa mgongo, akasimama katikati ya pamba iliyomfika kiunoni akisubiri nipite.

Nikapita.