Tonge la Kwanza

Mwaka ule watu wa Kasai walipofukuzwa mkoani kwetu, jirani zetu wenye asili hiyo walilala stesheni ya Kolwezi wakisubiri treni ya kuwarudisha kwao, na kipindupindu kikawakuta hapo. Mtaani watu walibishana: wapelekewe maji safi, au waachwe na ugonjwa wao.

Mama alipika bukari, ugali wa kwetu, tukampelekea pale stesheni rafiki yake, mmoja wa waliofukuzwa, aliyenibeba mgongoni utotoni. Kwetu aliyeleta chakula hula tonge la kwanza, ili anayepewa asihofu sumu. Mama akanawa kwa maji ya palepale. Mkono wake ukasimama juu ya sahani.

“Acha, mama,” rafiki yake akasema. “Uko na batoto. Mi nakuamini.”

Akala peke yake. Mama aliketi palepale, mikono imelowa.