Mwaka Wetu wa Kuota Meno

Nakumbuka siku moja, mwanangu, nikiwa bado msichana, nimeolewa juzi tu na kuletwa huku Silibwet, kwa Wakipsigis, kutoka kwetu kando ya ziwa. Mume wangu Odhiambo alikuwa ameandikwa kazi katika kiwanda cha majani chai. Mimi niliuza omena, wale dagaa wa ziwani, sokoni, ama niseme nilikaa nazo tu, maana Kipsigis sikujua hata salamu. Kina mama walipita, wakaangalia, wakaenda zao. Jioni nilirudi na omena zangu, nikawasha kuni mbichi, nikalia na kusingizia moshi.

Kila nikimwambia Odhiambo, jibu lilikuwa lile lile. "Hizo ni teething problems tu, Akinyi."

Alilisikia neno hilo kwa wakubwa wa kazi, akalipenda sana. Mimi Kiingereza changu kilikuwa kidogo, nikadhani ananiambia ninyamaze.

Basi siku hiyo alitoka shifti akanikuta mlangoni, nguo zangu nimezifunga kwa leso.

"Unaenda wapi?"

"Kwa mama."

"Lakini si nilikuambia ni teething problems..."

"Hizo ni nini, Odhiambo? Niambie kwa lugha ninayoelewa."

Akakuna kichwa. "Ni shida za kuanza. Kama mtoto akiota meno. Anasumbuka, anashikwa na homa, halafu yanatoka, anapona."

"Na huyo mtoto akilia, huwa anaachwa chini peke yake?"

Alivua buti, akaketi kando yangu. Mvua ikaanza, hatukuingia ndani. Mwishowe akasema, polepole, "Hata mimi huko kiwandani sina rafiki. Nikisema hayo maneno, najipa moyo."

Mwanangu, hasira yangu yote iliishia hapo. Nilifungua leso.

Siku ya soko iliyofuata aliomba ruhusa kazini, tukaenda wote. Alinifundisha kusema "Chamgei", salamu ya Kipsigis, na yeye mwenyewe akaikosea mbele ya mama mmoja mwenye kikapu. Mama yule alicheka mpaka akashika mbavu, akaturekebisha, kisha akanunua. Pumzi niliyoishusha siku hiyo! Leo watoto wangu hunicheka kwamba nikikasirika, nagomba kwa Kipsigis.

Kwa hivyo sikiza. Kiingereza ni kizuri, kitumie. Na ni kweli, shida nyingi za kuanza hupita. Lakini mtu wako akikuambia ameshindwa, usikimbilie kuipa shida yake jina. Mwache amalize. Muulize inauma wapi, halafu tafuta siku moja uende naye ukaone. Na ukiwa wewe ndiwe unayeumia, sema mapema, sema waziwazi, maana hata anayekujibu vibaya huenda anaogopa kama wewe.

Mungu akuwekee karibu mtu wa kukusikiza, na wewe akupe subira ya kumsikiza. Nyumba yako iwe na kicheko, mwanangu. Uishi salama.