Nilivyobadilisha kompresa ya AC Mtwara enzi za ujamaa, mama akaninunia

Wakuu, habari za mihangaiko.

Naona vijana mnalia huko juu kwamba kompresa ya AC imekufa. Ngoja mzee wenu niwape yangu. Sitaongeza chumvi, labda kidogo tu pale kwa mama.

Enzi za ujamaa nilikuwa fundi kwenye gereji ya serikali Mtwara mjini. Gari lenye AC lilikuwa moja tu, la bosi wetu, na hiyo AC ilikuwa pambo. Kompresa imejam, ukiwasha mkanda unapiga kelele mpaka unaizima mwenyewe.

Spea? Duka halina sabuni, litakuwa na kompresa?

Bahati nyuma ya gereji kulikuwa na gari lililopinduka njia ya Likombe, kuku wanatagia ndani. Kompresa yake nikaizungusha kwa mkono, laini kabisa. Matundu ya bolti hayakulingana, nikachonga kipande cha bamba. Gesi nikapewa na fundi friji, maana enzi hizo ya friji na ya gari ni ileile. Akaniazima na pampu ya kunyonya hewa. (Vijana, hatua hiyo msiiruke. Unyevu ukibaki ndani, kompresa mpya nayo inakufa.)

Siku ya tatu nikawasha. Baridi! Bosi aliingia, akabaki anacheka peke yake.

"Ndugu Issa, twende Ziwani tukaijaribu."

Ziwani ndiko kwetu. Nikavaa shati la Idi.

Hapa nieleze kitu. Wakati huo nilikuwa nataka kuoa. Kwetu posa anapeleka mjomba, na mjomba wangu hanyanyuki mpaka dada yake, yaani mama yangu, aridhie. Shikeni hilo.

Basi tukapita Ziwani vioo juu mpaka mwisho. Watu wako shamba la kijiji wanapalilia mikorosho, wananyoosha mikono. Nami nikapunga, najiona kiongozi.

Siku mbili baadaye mjomba akaja gereji. Kiti alikikataa.

"Mama yako katupa jembe, kakimbilia barabarani, kakuita mara tatu mbele ya wenzake. Wewe ukampungia, ukamwachia vumbi. Posa hiyo mimi sipeleki."

"Mjomba, vioo vilikuwa vimefungwa!"

"Mvua ilikuwa inanyesha?"

Wakuu, mjomba alikuwa na haki. Kwetu kumpita mtu bila salamu ni kosa, sembuse mama mzazi. Niliumia, na kuoa nikaona kumeota mbawa.

Nikamweleza bosi. Alicheka mpaka akakohoa, kisha akachukua funguo. "Twende tukamchukue."

Safari hii vioo chini, nasalimia mpaka mbuzi.

Mama tulimkuta anamenya muhogo, mjomba yuko naye. Nikapiga goti. "Shikamoo mama." Akaendelea kumenya. Nikambembeleza apande dakika moja tu. Akapanda, kisu cha muhogo bado mkononi. Nikafunga vioo, nikawasha AC, nikampa mjomba ishara aite kwa nguvu zote.

Mama akatazama mdomo wa kaka yake unavyofunguka na kufungika, sauti hamna. Akavuta khanga mabegani kwa baridi.

"Kumbe," akasema. Kisha akamgeukia bosi. "Baba, hebu tufike kisimani."

Kisimani alikuwapo Bi Somoe, jirani aliyeitangaza aibu ya mama kijiji kizima. Alipomwona mama garini akaweka ndoo chini, akapunga mikono yote miwili, akaita. Mama akaangalia mbele tu.

"Mama, Bi Somoe anakusalimu."

"Simsikii, mwanangu. Si vioo vimefungwa?"

Posa ilikwenda wiki iliyofuata.

Nilichojifunza: ukibadilisha kompresa, kaijaribu mbali na kwenu, au acha kioo wazi kidogo. Mke wangu amesoma hapa begani, anasema chumvi imezidi.

Haya, nani mwingine AC imemkosanisha na ukoo? Tiririkeni.