Ndoo Hairudishwi Tupu

Kwa kina Speciose, chombo cha mtu hakirudi kitupu. Jirani akikuletea maharage kwenye bakuli, siku ya kurudisha bakuli unatia chochote ndani, hata viazi viwili. Alitoka Rwanda akiwa msichana, akapita Kongo, akafika Dzaleka, kambi ya wakimbizi nchini Malawi. Vitu vingi vilipotea njiani, lakini desturi hiyo haikupotea.

Basi kampuni moja ya sabuni ya Lilongwe ilipowagawia wanawake wa mtaa wao ndoo za plastiki, kila moja na miche sita ya sabuni ndani na jina la kampuni ubavuni kwa herufi nyekundu, Speciose alielewa hivi: chombo chenye jina kina mwenyewe. Sabuni ni zawadi, ndoo itarudi.

"We mama Nadège, akili iko?" alimcheka Ernestine, jirani yake kutoka Bukavu. "Ile jina ni ya piblisite tu, ya kujitangaza. Ndoo balishakupa."

"Balisema?"

"Baseme nini? Inajulikana!"

Speciose alikuwa msusi. Alikaa kwenye kibao mbele ya mlango wake, kichwa cha mteja katikati ya magoti, vidole vikienda vyenyewe huku macho yakitazama wapita njia. Wiki ya pili ya sabuni ile vidole vilianza kuchubuka. Uzi wa kusukia uliingia kwenye nyufa za ngozi, akawa anauma meno kila anapokaza msuko. Alidhani ni kazi. Halafu akaona mikono ya Ernestine. Halafu akaona watoto bombani wakijikuna shingo.

Akaanza kuuliza, polepole, kama mtu anayetafuta kuku wake. Alipita nyumba tisa. Saba walikuwa na mikono kama yake. Katika zile mbili zilizobaki, mwenyeji mmoja alikuwa ameuza sabuni yake, na mwingine, Capitoline, alikuwa ameifungia sandukuni akingoja wageni.

Jumamosi kampuni ingerudi tena, safari hii na sabuni za wanawake wanaokaribia kujifungua, waogeshe watoto wao. Nadège, binti yake, alikuwa kwenye orodha. Mimba yake ilikuwa mwezi wa tisa.

"Usiseme kitu, mama," Nadège alimwomba. "Bakikasirika, batatufuta wote ku liste."

Speciose aliliogopa hilo hilo. Zawadi ya mkimbizi ikishalalamikiwa, nani ataleta nyingine? Lakini ngozi ya mtoto mchanga ni laini kuliko utando wa yai. Alilala nalo, akaamka nalo, hadi macho yake yakaangukia ile ndoo. Anayerudisha ndoo halalamiki. Anashukuru.

Alhamisi akachukua karatasi ya ruhusa ya kutoka kambini siku moja, akajaza ndoo maharage hadi nusu, akafukia mche mmoja wa sabuni ndani yake, akaenda Lilongwe.

Kwanza alishuka Old Town, akaingia duka la jumla, akaomba kuonyeshwa sabuni ya kampuni ile ile. Akaigeuza huku na huku.

"Unanunua au unaichumbia?" muuzaji alimuuliza.

Alikuwa ameona kitu. Kwenye ncha ya mche wa dukani palikuwa na namba na tarehe, zimegandamizwa kwa muhuri. Wake haukuwa na ncha. Ulikuwa umekatwa kwa kisu, mkato ulionyooka, na yote sita ilikuwa hivyo. Nyumbani alidhani ndivyo inavyotengenezwa. Akanunua ule mmoja.

Kwenye geti la kampuni mlinzi alimtazama yeye, akaitazama ndoo. "Amayi, hapa watu huja kuomba ndoo."

"Mimi nairudisha."

"Imetoboka?"

"Nzima. Ina maharage."

Mlinzi alicheka mpaka akalazimika kuvua kofia, kisha akamwingiza mwenyewe hadi kwa Madam Nyambose, mwanamke wa Kimalawi aliyesimamia misaada ya kampuni kwa jamii. Ukutani nyuma ya meza yake ilitundikwa picha kubwa: mikono miwili ikipokea ndoo yenye herufi nyekundu. Speciose aliijua pete iliyokuwa kidoleni. Ilikuwa mikono yake, siku ile ya kwanza, ngozi ikiwa nzima.

Alitoa shukrani kwa Kichewa chake cha sokoni, akaeleza desturi ya kwao, akaweka ndoo mezani. Madam Nyambose alishika maharage, akatabasamu, akasema zikomo, asante, mara tatu. Hapo Speciose akasimama kando ya picha, akaweka mikono yake juu ya ile ya pichani.

Madam Nyambose aliinama kuitazama ile ngozi iliyochubuka.

Kisha akafukua mche kwenye maharage, akauweka sambamba na ule wa dukani. "Madam, mimi sikusoma sana. Nataka kujua tu. Huu wa kwetu ncha yake imekwenda wapi?"

Madam Nyambose aliichukua miche yote miwili, akatoka. Alikaa muda mrefu. Speciose alihesabu madirisha, akaomba Mungu, akamfikiria Nadège na ile orodha. Madam aliporudi, mikono yake ilikuwa imelowa, nayo ilikuwa myekundu hadi vifundoni.

"Magadi yalizidi, yanaunguza ngozi," alisema polepole. "Sabuni hii ilitakiwa iyeyushwe upya. Mtu akaona ni hasara, akasema igawiwe, na namba zikakatwa isitambulike. Mimi nilileta bila kuuliza."

"Na Jumamosi?"

"Nitakuja. Si na hii."

Jumamosi lori lilipoanza kukusanya miche ya zamani, wanawake walipiga kelele. "Speciose alienda kurudisha ndoo, akarudisha na bahati yetu!" Hata Ernestine alimgeuzia mgongo. Ndipo Madam Nyambose akapanda kwenye ubao wa lori, mkono umefungwa kitambaa, akasema kampuni ilikosea na kwamba kila mche ungebadilishwa kwa mwingine. Kelele ziliisha. Watu walitazamana. Hakuna aliyekuwa amewahi kusikia kampuni ikisema hivyo. Capitoline alikimbia kufungua sanduku lake.

Majina ya kwenye orodha yalisomwa yote. Nadège alipoitwa na kupokea yake, Speciose alimnyang'anya mche kabla hajashukuru, akapapasa ncha kwa ukucha. Namba ilikuwepo.

Mwisho Madam Nyambose akamkabidhi ile ndoo yake. Ndani mlikuwa na sukari. "Na mimi kwetu nilifundwa," alisema.

"Madam, nani alikata zile ncha?"

"Bado nauliza. Wananijibu nusu nusu."

Jioni Nadège alimkuta mama yake amekaa kwenye kibao, anaipanguza ndoo, maharage mengine yako kwenye ungo tayari kuchambuliwa.

"Mama! Unarudi tena?"

"Ilikuja na sukari. Nitairudisha tupu?" Speciose alipuliza makapi. "Na sijajua bado nani alishika kisu."