Miguu Chini ya Pazia

Usiku ule nililala nimenuna. Nilikuwa nimegombana na binti yangu, Rehema, na uji alioniletea niliuacha kwenye stuli mpaka ukafanya ngozi juu. Mtu mzima mimi, nanunia uji.

Ugomvi wenyewe ulikuwa wa kuoga. Nilipoteleza shambani kwangu Lushoto nikavunjika nyonga, Rehema alikuja kunichukua nikae kwake Morogoro. Akaninunulia kitanda kifupi, akaweka kiti cha plastiki bafuni, akatoa mazulia yote nisije nikajikwaa. Alinifanyia kila kitu, na mimi nilimkatalia kimoja tu: sikukubali aniogeshe. Kwetu sisi mtoto haoni uchi wa mzazi wake. Mjukuu ruksa, maana huyo ni mtani wako. Shoga yako ruksa, jirani mtu mzima ruksa. Uliyemzaa, hapana. Na Rehema amejaliwa wavulana watupu, kwa hiyo kila asubuhi nilimsubiri Mama Zuhura wa nyumba ya pili amalize kazi zake ndipo aje kunisugua. Rehema alikuwa akibaki nje ya pazia la bafu, ameshika taulo.

Jioni ile Mama Zuhura alikuja kuaga. Binti yake alikuwa amejifungua Iringa, naye anakwenda kumtazama. Alipotoka tu Rehema akasema, "Basi, mama, kesho nitakuogesha mimi."

"Heri nikae na jasho langu," nikamjibu.

Hakupandisha sauti. Rehema hajawahi kunipandishia sauti, na ndiyo maana maneno yake huwa yananiingia.

"Mama, siku ukifa wataniita mimi wa kwanza nikuoshe. Hapo nitaruhusiwa. Leo uko hai, unanisikia, na unanifanya kama mtu baki."

Akaondoka. Nikamsikia jikoni anaosha vyombo ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa. Niliogopa. Niliona kama tumeanza kupotezana tukiwa chini ya bati moja, na sikujua nimwite vipi. Nikageukia ukutani, usingizi ukanichukua hivyo hivyo.

Nikajiona nimeketi kwenye kile kiti cha plastiki, bafuni kwa Rehema. Bomba linadondoka. Nasikia baridi, wala si baridi ya Morogoro. Ni ile ya kwetu, ya asubuhi, ukungu ukiwa bado umekaa juu ya migomba. Natazama ukutani, vigae vyeupe havipo. Ni majani makavu ya migomba yaliyofungwa kwa kamba, bafu letu la zamani kabisa, na mbele yangu marehemu mama yangu amekaa kwenye kigoda, amenipa mgongo.

Sikushtuka. Nilichoshangaa ni kwamba nyonga hainiumi. Mama ameshusha kanga yake hadi kiunoni, mgongo wake mkavu, una vumbi kama ametoka safari.

"Maji yamepoa," akasema.

Nikatia mkono kwenye ndoo. Kweli yamepoa, yamekuwa ya barafu. Nikaibeba ndoo ile niende kuyapasha, na nilipopita tu pazia la gunia, sikuwa bibi tena. Ni mwanamke mwenye nguvu zake, mgongo umenyooka, na nimesimama nje ya bafu nimemshikia mama kanga kavu. Ndani nasikia maji yanamwagwa. Nasikia Bi Hadija anacheka.

Bi Hadija alikuwa shoga yake mama. Mama alipopooza upande mmoja, ndiye aliyekuwa akipanda mlima kila siku kuja kumuogesha. Mimi nilichota maji, nikachanja kuni, nikachemsha, nikabeba mpaka mlangoni. Hapo mwisho wangu. Nilisimama nje nikiwasikiliza wanavyochekeana humo ndani, na sijui mpaka leo walikuwa wanacheka nini. Nilimwonea Bi Hadija wivu, wivu wa kweli, kama wa mke mwenza, na nikijiona naelekea kulia nilijifanya nafukuza kuku.

Basi nimesimama pale pale, kuku wale wale miguuni, na kicheko kinakatika. Nangoja nisikie maji, sisikii. Nikalifunua gunia.

Bi Hadija hayupo, bafu halipo. Ni chumba cha mama, siku ile aliyofariki. Mama amelazwa juu ya kitanda cha kamba, harufu ya kafuri imejaa, na wanawake wamesimama ukutani nyuso zao sizioni vizuri. Mmoja ananikabidhi kitambaa. Najua ananiambia nianze, maana mwanaye ni mimi. Wanamgeuza ubavu.

Siku ile ndiyo siku niliyouona mgongo wa mama mara ya kwanza. Ulikuwa mdogo kuliko nilivyodhani. Mgongo ulionibeba mimi na ndugu zangu wote, ukabeba kuni na ndizi za kupeleka gulioni, kumbe ni mdogo, mikono yangu miwili inaufunika. Nasugua taratibu, kwa sababu wanasema maiti husikia. Nasugua na machozi yananidondoka juu yake, na ninaogopa wanawake wale watanikataza.

Mama akageuza shingo, akanitazama.

"Nilikuwa naiona miguu yako," akasema. "Chini ya gunia. Kila asubuhi."

Sauti iliyonitoka ilikuwa ya mtoto. "Mbona hukuniita, mama?"

"Niliona haya."

Kitambaa mkononi mwangu kinachuruzika, maji yanaingia kwenye sakafu ya udongo na udongo unayanywa yote. Nataka kumwambia kwamba na mimi niliona haya, kwamba kila siku nilikuwa nikisubiri aseme neno moja tu nami ningeingia. Mdomo haufunguki.

"Ulinisugua vizuri, mwanangu," mama akasema. "Lakini nilikuwa nimeshakufa. Sikuweza kukwambia pananiwasha wapi."

Nikanyoosha mkono niushike mgongo wake. Gunia likashuka katikati yetu. Nikalivuta, likawa zito, nikalivuta tena, na sasa mimi ndiye niliye ndani, nimeketi kwenye kiti cha plastiki, uchi, nimejikunja kwa baridi. Nje kuna mtu amesimama. Chini ya pazia naiona miguu yake. Kandambili za bluu, kucha zenye hina iliyoanza kufutika, na kidole kidogo cha kulia kimelala juu ya mwenzake. Kidole kile nilikuwa nikikinyoosha kila nikimpaka mafuta alipokuwa mchanga, nikidhani kitanyooka. Hakikunyooka.

Mama simwoni tena. Sauti yake tu, kama mtu anayesemea nyuma ya mlima.

"Mfungulie."

Nikaamka mto umelowa. Kulikuwa kumeshakucha, majogoo wa jirani wanashindana, na nyonga imerudi na maumivu yake yote. Nilimtafuta mama kwa macho chumbani kama mjinga. Kisha nikatazama mlangoni. Chini ya pazia kulikuwa na kandambili za bluu, na pembeni yake ndoo inatoa mvuke.

"Mama, umeamka?" Rehema alisema taratibu, bila kuingia. "Shikamoo. Nimekuchemshia maji. Nitakupeleka mpaka kwenye kiti, halafu nitatoka. Utajisugua mwenyewe pale mkono unapofika. Tusigombane tena."

Sauti yake ilikuwa imechoka. Mtoto wangu alikuwa amekubali kukaa nje, kama nilivyokubali mimi, na mwenye kukubali hivyo haulizi tena. Hilo nalijua.

"Rehema."

"Abee, mama."

"Ingia. Na dodoki njoo nalo."

Miguu haikusogea. Nikadhani hakunisikia. Kisha pazia likafunguka, akaingia, akaninyanyua kwa kwapa na kunipeleka bafuni hatua kwa hatua kama ninavyoweza. Nilipoketi kwenye kiti fundo la kanga likanishinda, akanifungulia yeye. Niliona haya. Sitasema sikuona. Nilifumba macho nikajikunyata kama kuku aliyenyeshewa, mpaka nikasikia maji ya moto yanashuka mabegani.

Akaanza kusugua. Alisugua kidogo, mkono ukasimama katikati ya mgongo wangu, ukakaa pale. Nikajua anaona nilichokiona mimi siku ile.

"Juu kidogo, mwanangu," nikamwambia. "Kushoto. Hapo. Hapo hapo ndipo pananiwasha."