Meneja na Mdakaji Aliyemtoa

Meneja wa timu moja ya besiboli kule Ohio, Marekani, kila alipomuuza mchezaji, alimbebea begi mwenyewe mpaka stesheni huku akisifia hali ya hewa, maana kuagana kulimshinda. Ndivyo alivyomsindikiza mdakaji Lemuel, aliyembadilisha kwa warusha mpira wawili. Lemuel akaondoka akijua hatakiwi tena.

Mwezi uliofuata alirudi na wapinzani, akaupiga mpira ukavuka uzio, na pigo hilo likawapa wapinzani ushindi. Akiwa anakimbia kuzunguka uwanja ili pointi ikamilike, alimwona meneja amerusha kofia juu.

"Kijana wangu huyo!"

"Mzee, tumefungwa!" wachezaji wake wakamaka.

"Najua tumefungwa, bwana! Lakini mpira mmeuona ulivyokwenda?"

Lemuel, aliyenuna mwezi mzima, alicheka hadi akakosa pumzi ya kumalizia mbio.