Rodi Nyembamba za Yusta

Wifi yangu Yusta ana ugonjwa wa kutaka kujua. Akinunua redio, lazima aifungue kwanza aone sauti inatokea wapi. Ndivyo alivyoingia kwenye kuchomelea vyuma akiwa muuza vitumbua wa miaka arobaini na saba: alimwona fundi akiunganisha geti la shule hapa Kalenga, akarudi nyumbani hata kula hali. Alipovuna mahindi akanunua mashine ndogo ya kuchomelea, unaibeba begani kama pochi. Kaka yangu alicheka wiki nzima. Mwaka haujaisha, nusu ya majiko na viti vya kijiji vilikuwa vimepita mikononi mwake.

Mwaka huu mzee wa kanisa, Amos, alimletea kazi kubwa. Kengele ya kanisa letu ni rimu ya lori, na mkono wa chuma unaoishikilia ulikuwa umekatika. Alikuja na pakiti ya rodi za kuchomelea alizonunua mwenyewe, nene, za milimita tatu na ushee.

"Kamwene, Mama Lea," alimsalimu Yusta kwa Kihehe. "Weka hizi. Kazi ya Mungu haifanywi na vijiti vya kushonea."

Yusta alizoea nyembamba, za milimita mbili na nusu. Lakini chuma kinene, rodi nene. Hata mimi niliona ni sawa. Akachomelea. Rodi zilinasa kwenye chuma, taa za nyumba zikafifia, ila mwishowe mshono ulionekana mzuri.

Ijumaa hiyo tulikuwa tunamzika mzee Jailos. Amos alipogonga mara ya tatu, rimu ilidondoka, ikaukosa mguu wake kwa kidogo tu. Kijiji kizima kilikuwepo.

"Huyu mama arudi kwenye vitumbua vyake!" Amos alifoka.

Yusta angeweza kusema rodi zilikuwa za nani. Mimi ningesema, tena kwa sauti. Yeye aliokota ule mkono wa chuma, akaenda nao nyumbani. Tangu siku hiyo hakuna aliyemletea hata jiko. Nami, Mungu anisamehe, nilipeleka dirisha langu la chuma kwa fundi wa Iringa mjini, kimyakimya.

Hakulia. Alitaka kujua. Wiki mbili alichomelea vipande vya chuma chakavu, vingine kwa rodi nene, vingine kwa nyembamba, kisha akavivunja kwa nyundo na kuvichungulia. Siku moja akaniita.

"Wifi, hebu angalia hapa."

Penye rodi nene, mshono ulikuwa umelala juu tu, kama mchuzi juu ya ugali uliopoa. Penye nyembamba, vyuma viwili vilikuwa vimeshikana hadi ndani.

"Si mkono wangu," alisema, macho yanang'aa. "Rodi nene inataka moto mwingi. Mashine yangu imeandikwa ampea mia mbili, lakini haifiki huko, na umeme wetu wa mwisho wa laini ndio dhaifu kabisa. Rodi inayeyuka, chuma chenyewe hakipati moto."

"Sasa chuma kinene utakifanyaje?"

"Nitachonga kingo ziwe mshazari, halafu nijaze kwa nyembamba, tabaka juu ya tabaka. Haba na haba."

Jumatano mchana aliuchomelea upya ule mkono mahali pake, rimu ikaning'inizwa, akamwita Amos aje kujaribu. Kisha akaweka kigoda chini ya rimu, akaketi.

"Gonga," alisema.

"Mama Lea, toka hapo kwanza."

"Gonga kama Jumapili, mzee."

Amos aligonga. Mimi nilifumba macho. Rimu ililia, ikalia tena na tena, na Yusta hakusogea. Huku kwetu kengele ya katikati ya wiki ni ya msiba tu, kwa hiyo watu waliacha majembe mashambani wakaja mbio, kina mama wameshajifunga khanga, wanauliza, "Nani amekufa?"

"Hakuna," Yusta alijibu bila kuinuka. "Nilitaka mje wote."

Akatoa ile pakiti ya rodi nene, akamkabidhi Amos kwa mikono miwili. Amos aliitazama, akatazama rimu, akatazama watu.

"Hizi ni zangu," alisema, na kila mtu alisikia. "Mimi ndiye niliyemlazimisha."

Kesho yake asubuhi nilikwenda mjini kulichukua dirisha langu, nimletee Yusta.